Kisanduku Kinachoongoza Pampu: Nani Anayo Nakala ya Programu?

Katika ziara zetu za miradi ya maji upande wa Karatu na Ngorongoro tumekuwa tukiulizwa swali lile lile na wajumbe wa kamati. Inakuwaje kisima kina maji, mota ni nzima, umeme wa TANESCO upo, na bado pampu inasimama majuma matatu kwa sababu ya kisanduku ambacho ukubwa wake hauzidi kitabu cha nyimbo? Na kwa nini fundi aliyegharimiwa nauli kutoka Arusha hukifungua, akatikisa kichwa, na kusema kwamba kifaa hicho hakitengenezwi tena?

Swali hili linawahusu pia wafadhili wetu, kwa kuwa visanduku vingi vya namna hiyo vililetwa kwa michango yao, vikiwa vimefungwa ndani ya paneli safi za chuma zenye kufuli. Kwa hiyo tumeona vema katika toleo hili tulieleze jambo hili kwa kirefu kidogo, bila kuzama sana katika lugha ya mafundi.

Kazi ya kisanduku

Pampu ya kisima kirefu haitaki kuwashwa ovyo. Kwetu huku kisima cha zaidi ya mita 100 si jambo la ajabu, na pampu hukaa chini kabisa, ndani ya maji, mahali ambapo hakuna anayeiona. Ikizunguka pasipo maji inaungua. Ikipata umeme wa nyaya mbili badala ya tatu inaungua. Ikiwashwa na kuzimwa mara nyingi ndani ya saa moja itaungua pia, ila polepole. Kuitoa kisimani kunahitaji winchi, mafundi, na fedha ambazo kamati nyingi hazina akiba yake.

Kwa hiyo lazima kiwepo kitu cha kuangalia tangi, kisima na umeme, kisha kuamua pampu iende au isimame. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mwendesha pampu akisaidiwa na rilei. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Boya la tangi likishuka linaiamsha rilei ya kwanza, nayo inaiamsha ya pili, na mwishowe kontakta kubwa inagonga na mota inaanza kuzunguka. Mtambo wa pampu moja na tangi moja unatosheka na rilei nne au tano. Lakini mradi ukiwa na visima viwili, tangi la kati, pampu ya pili ya kusukuma maji kilimani na jenereta ya akiba, rilei zinakuwa rundo, na kubadili utaratibu ni kufumua nyaya na kuzifunga upya.

Tatizo hilo halikuanzia kwenye maji. Lilivisumbua sana viwanda vya magari vya Marekani, ambako kila gari jipya lilipotolewa makabati mazima ya rilei yalifungwa upya. Mwaka 1968 kampuni ya General Motors ilitafuta kifaa cha kuchukua nafasi ya makabati hayo, na kampuni ndogo ya Bedford Associates ya Massachusetts, alikokuwa mhandisi Dick Morley, ikatengeneza mashine iliyoitwa 084, kwa kuwa ulikuwa mradi wao wa 84. Mashine hiyo iliuzwa kwa jina la Modicon. Busara yake ilikuwa hii: fundi umeme hakulazimika kujifunza lugha ngeni. Programu ilichorwa kama ngazi, yenye nguzo mbili na vidato, na kila kidato kilikuwa sharti moja, kwa mfano, "boya likiwa chini NA kisima kikiwa na maji NA umeme ukiwa kamili, washa pampu." Michoro ya ngazi inatumika hadi leo.

Vifaa vya ukoo huo ndivyo mafundi wanavyoviita PLC. Sisi katika makala hii tutasema kidhibiti. Kina matundu ya kupokea habari kutoka kwenye maboya na vipimo, kina matundu ya kutoa amri kwenye kontakta, na katikati kina kumbukumbu yenye programu. Hakijui kwamba kinasukuma maji. Kinasoma, kinalinganisha na vidato vyake, kinatoa amri, kisha kinaanza upya, mara nyingi katika kila sekunde.

Kinavyozeeka

Watu wengi hudhani kwamba kidhibiti huharibika kama redio, yaani kinanyamaza siku moja na basi. Hutokea. Vumbi jekundu la Karatu wakati wa kiangazi huingia kila mahali, sisimizi na mijusi hupenda joto la paneli, na radi za masika hazimwonei mtu haya. Lakini mengi ya matatizo hayo yana tiba. Kinachokufa mara nyingi katika kidhibiti cha miaka 25 ni sehemu ya kugawa umeme, hasa vikapasita vyake ambavyo hukauka kwa joto. Fundi wa redio mwenye mkono mzuri anaweza kuvibadilisha kwa gharama ndogo. Rilei ndogo za matundu ya kutoa amri nazo huchoka, lakini hata hizo hubadilishwa.

Lisilo na tiba ni kupotea kwa programu.

Hapa tuchukue mfano wa familia ya vidhibiti vya Siemens iitwayo S5, iliyotoka mwaka 1979 na kuenea duniani kote kabla ya S7 kuchukua nafasi yake katika miaka ya 1990. Vingi vya S5 vilihifadhi programu katika kumbukumbu inayotegemea betri ndogo ya lithiamu. Umeme wa kawaida ukiwapo, betri inapumzika. Umeme ukikatika, betri peke yake ndiyo inayoshikilia programu isifutike. Betri ikiisha, taa ndogo huwaka kwenye kidhibiti, na pampu inaendelea kufanya kazi vizuri kabisa, hata miezi. Hakuna anayejali taa hiyo. Siku umeme unapokatika kwa muda na kurudi, kidhibiti kinaamka hakikumbuki chochote.

Ndiyo maana betri ya kifaa cha namna hiyo hubadilishwa umeme ukiwa umewashwa, kinyume na mazoea yetu ya kuzima kila kitu kabla ya kugusa paneli. Fundi mwangalifu asiyejua habari hii huzima swichi kuu kwa usalama wake, huchomoa betri iliyokufa, hutia mpya, na kwa tendo hilo jema hufuta programu nzima. Vipo vidhibiti vya S5 vilivyopewa kibebeo cha kumbukumbu cha kuchomeka, ambacho hakihitaji betri, na umeme unaporudi programu hunakiliwa kutoka humo. Kamati yenye kibebeo hicho ina bahati. Inafaa ijue kwamba inacho, maana tumeona mahali kimewekwa kabatini kikidhaniwa ni kipuri cha simu.

Kizazi kilichofuata kiliondoa hofu hiyo kwa sehemu kubwa. S7-200, kwa mfano, huhifadhi programu yake bila betri. Lakini kina taabu nyingine, nayo ni nenosiri. Wakandarasi wengi hufunga programu ili isiweze kusomwa. Ukilikosa nenosiri, ipo njia iliyowekwa na mtengenezaji ya kukifungua kifaa: kinafunguka baada ya kufuta kila kitu kilichomo.

Na hata programu isipokuwa imefungwa, kuisoma kuna shida zake. S5 huongea na kompyuta kwa njia ya zamani ya mkondo wa umeme wa miliampia 20, wala si kwa waya wa USB. Programu yake ya kompyuta, STEP 5, ilitengenezwa kwa mfumo wa DOS. Vidhibiti vilivyofuata vilizoeana na Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014. Kijana aliyehitimu ufundi miaka ya karibuni amefundishwa mashine za sasa na anazijua, lakini kompyuta yake haina hata tundu la kuchomeka waya huo. Fundi mwenye kompyuta kuukuu iliyotunzwa vizuri, yenye tundu la zamani na programu zake, ni mtu wa kutafutwa. Tunashauri kamati zisicheke zikimwona anaibeba.

Mtu asije akadhani kwamba jambo hili ni la maskini au la kampuni moja. Kidhibiti cha Allen-Bradley kiitwacho PLC-5, kilichotoka mwaka 1986 na kuendesha viwanda vikubwa vya Marekani, kiliondolewa sokoni mwaka 2017, na huko nako wapo wanaotafuta vipuri vyake vilivyotumika. Tofauti ni kwamba kiwanda hupanga kubadilisha miaka mitano kabla. Kijiji hujua siku maji yanapokatika.

Kijiji kimoja cha mteremkoni

Kijiji hicho kiko upande wa Karatu, na hatutakitaja. Kina kisima kirefu, tangi la chini, pampu ya pili ya kupandisha maji hadi tangi la juu, na jenereta ya akiba. Kidhibiti chake kilikuwa cha aina ile ya betri. Mkandarasi aliyekifunga aliondoka zamani, na nyaraka za mradi hazikuonekana. Kamati ya awali ilikabidhi kwa chombo cha watumiaji, nacho kikakabidhi kwa chombo cha huduma ya maji ngazi ya jamii, CBWSO, baada ya Sheria ya Huduma za Maji ya mwaka 2019 na kuanzishwa kwa RUWASA. Katika makabidhiano yote hayo vilihesabiwa pampu, tangi, mita na funguo. Hakuna aliyeuliza habari za programu.

Umeme ulikatika siku mbili. Uliporudi, kidhibiti kiliwasha taa nyekundu na pampu ikakaa kimya.

Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku, zipatikane ndani ya mita 400. Kwa watu 2,000 hizo ni lita 50,000 kila siku. Tangi la lita 100,000, hata likiwa limejaa pomoni, ni la siku mbili tu. Kijiji kilikaa siku 20. Wenye punda walishuka korongoni alfajiri, wasio na punda walinunua maji ya gari, na wasichana walifika shule saa nne.

Fundi wa kwanza alisema kifaa kitafutwe Ulaya. Kipuri kilichotumika kilipatikana, bei yake ikiwa kubwa kuliko ya kidhibiti kipya, na bado kingekuja kitupu bila programu. Fundi wa pili, kijana wa Arusha, alishauri kidhibiti kidogo cha kisasa. Ushauri huo ulikuwa sahihi, ila naye alikuwa na swali moja: mtambo huu ulikuwa ukifanya nini hasa?

Aliyejua alikuwa mzee mwendesha pampu, ambaye alikuwapo tangu siku ya kwanza. Hakuwahi kuona programu wala hakuhitaji. Aliujua mtambo kwa sauti. Kijana alimwamkia, wakaketi mlangoni pa kibanda cha pampu, na mzee akaeleza. Umeme ukirudi pampu haikuanza papo hapo, ilikuwa inangoja kiasi cha kumaliza kikombe cha chai. Pampu mbili hazikuanza pamoja kamwe, ya kisimani ilitangulia, na ya kilimani ilifuata mpaka tangi la chini lifike nusu. Kisima kikipungua maji pampu ilijizima na kukaa karibu nusu saa kabla ya kujaribu tena.

Kijana aliandika vidato vyake kwa kufuata maneno hayo. Alipojaribu kupunguza ule muda wa kati ya pampu moja na nyingine ili tangi lijae upesi, jenereta ililemewa ikazima. Akaurudisha.

Jambo moja halikuwa katika maelezo ya mzee, lilikuwa katika daftari lake. Kwa miaka mingi alikuwa ameandika kila siku saa ya pampu kuanza, saa ya kusimama na namba ya mita. Kijana alipokuwa akipitia kurasa aliona kwamba pampu haikuwahi kuanza kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa nne usiku. Alipouliza, mzee akakumbuka: mota ya kwanza iliungua jioni moja, wakati watu wote wamewasha taa na umeme umepungua nguvu, na mkandarasi alirudi akaongeza sharti la saa. Sharti hilo lisingepatikana popote pengine. Bila daftari, mtambo mpya ungewaka kila jioni mpaka mota ya pili nayo iungue.

Yanayofaa kuwekwa kabatini

Kamati yenye paneli ya namna hii iombe fundi anayeaminika atoe nakala ya programu sasa, wakati mtambo unafanya kazi. Nakala iwekwe mahali pawili, kwa mfano ofisi ya CBWSO na ofisi ya parokia, katika kifaa cha kuhifadhia na pia ikiwa imechapishwa kwenye karatasi. Karatasi haina toleo la Windows. Inafaa kujua pia kwamba programu inayotolewa kwenye vidhibiti vingi vya zamani huja bila maelezo. Inaonyesha tundu namba fulani likiwaka, tundu namba fulani lizime, bila kusema tundu lipi ni boya la tangi la juu. Kwa hiyo orodha ya matundu na waya zake, iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka na mtu yeyote, ina thamani sawa na programu yenyewe. Nenosiri liandikwe, litiwe kwenye bahasha, lifungwe, na litajwe katika hati ya makabidhiano kama zinavyotajwa funguo. Waya wa kuunganishia kompyuta ununuliwe ubaki na mradi. Tarehe ya betri iandikwe kwenye mlango wa paneli kwa kalamu isiyofutika.

Na daftari la mwendesha pampu lisitumike kuwashia moto likijaa.

Kubaki nacho, kubadilisha, au kurudi kwenye rilei

Hapa tuna maoni yetu, na tunajua baadhi ya wahandisi hawatakubaliana nasi. Mradi wa pampu moja na tangi moja hauhitaji kidhibiti cha programu. Maboya mawili, kinga ya mota, kifaa cha kuangalia nyaya tatu za umeme, rilei ya kuchelewesha na swichi ya mkono vinatosha, na karibu kila fundi umeme wa Karatu mjini ataweza kuvielewa kwa kuvitazama. Tumeona miradi midogo ikiletewa vidhibiti kwa sababu tu mfadhili alitaka cha kisasa.

Mradi wenye hatua mbili au tatu za kupandisha maji ni jambo jingine. Huko kidhibiti kinafaa. Kikiwa cha zamani na kinafanya kazi, na nakala ipo, hakuna haja ya kukitupa. Umri peke yake si ugonjwa. Kikiwa cha zamani na nakala haipo wala haiwezi kutolewa, kamati ianze kuweka akiba ya kukibadilisha na kuandika tabia za mtambo mapema, kabla haujanyamaza. Bei ya kidhibiti kidogo kipya ni sehemu ndogo ya bei ya pampu ya kisima kirefu. Kazi kubwa ni kujua kiandikwe nini.

Upande wa Ngorongoro hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa mahali pengi pampu zinaendeshwa kwa jua. Kidhibiti cha pampu ya jua mara nyingi huja kimefungwa kabisa, na programu yake ni siri ya kiwanda. Nakala haipatikani hata ukiomba. Kinga pekee ni kuwa na kidhibiti cha pili stoo, kikiwa kimeandikiwa mipangilio ile ile. Fundi anayeitwa kutoka Karatu kwenda Endulen lazima apite lango la Loduare mapema, apande ukungu wa ukingo wa kreta, na mvua ikiwa kubwa asifike siku hiyo. Akifika na kukuta kipuri kipo, kazi ni ya asubuhi moja.

Kwa wafadhili wetu tunaomba jambo moja liingie katika mikataba. Malipo ya mwisho ya mkandarasi yasitolewe mpaka programu isiyofungwa, orodha ya matundu na michoro ya paneli viwe mikononi mwa kamati, na fundi wa hapa, si wa mkandarasi, awe ameirudisha programu kwenye kidhibiti kitupu mbele ya wajumbe na pampu ikawaka. Jaribio hilo huchukua muda usiozidi saa chache. Aidha, bajeti ya ukarabati iwe na fungu la kidhibiti cha akiba, hata kama ni kipengele ambacho hakipigwi picha ya ufunguzi.

Katika ziara za robo ijayo tutafuatana na fundi mwenye kompyuta na nyaya za aina zote mbili. Tunaziomba kamati ziandae funguo za paneli, nyaraka zozote zilizobaki na mwendesha pampu mwenyewe awepo. Kamati isiyo na nyaraka yoyote ilete daftari la pampu, fundi ataanzia hapo.